Anayekupa Mara ya Kwanza

...mwingine, chagua mwingine, yeyote, hata Kasyoka wa dirishani ambaye tangu muhula uanze hajajibu kitu zaidi ya jina lake, lakini si huyo wa dawati la katikati aliyeusimamisha mkono kama mlingoti wa bendera, kwa sababu huyo ni mwanao wa kumzaa, Ndunge, na hujui atakachosema, na hakuna mama anayetaka kusikia habari za mwanawe pamoja na darasa zima la watoto wa watu... akakohoa kidogo, akaigeuzageuza chaki, akalirudia swali kana kwamba shida ilikuwa hawakulisikia, ni nani humpa mtoto dawa ya kulevya mara ya kwanza, fikirieni vizuri, msiropoke, na mikono ikaongezeka, na ule wa Justus haukushuka wala kutikisika, akampa Musili nafasi, naye Musili akasimama na kusema ni watu wa bodaboda, wale wa steji ya kwenda Masinga, darasa likaguna kukubali, na Mwalimu Ndunge akaandika "bodaboda" ubaoni polepole, herufi moja moja, kwa raha ya mtu aliyepewa muda kidogo zaidi wa kufikiri. Ubao wenyewe ulikuwa umejaa tangu kipindi kianze, miraa na muguka upande wa vinavyochangamsha, pombe na tembe za usingizi upande wa vinavyolegeza, bangi peke yake kwenye vinavyoleta maruerue, gundi na petroli kule pembeni kwenye vya kunusa, na tumbaku aliyoisahau akaja kuichomeka chini ya muguka kwa herufi ndogo, sigara, kuber, ugoro, yote hayo kwa mwandiko mzuri, mwandiko wa mtu mwenye hofu, maana akiwa na hofu ndipo huandika vizuri, na yote haya ameyaleta Bwana Ndolo mwalimu mkuu, aliyeokota pakiti tupu za kuber nyuma ya vyoo vya wavulana, akamwita ofisini, akazimwaga mezani kama mtu anayemwaga maharagwe ya kuchambua, akamwambia, mwalimu, wewe ni mama, wewe ongea nao, utajua namna, kana kwamba umama ni stashahada, kana kwamba mtu akishazaa anapewa macho ya kuona ndani ya mifuko... wangapi hapa, watatu, kumi, na kwa nini Wambua amevaa sweta na jua lote hili la Katangi, ana nini ndani ya hilo sweta, na kwa nini wale wasichana wa nyuma wamecheka alipotamka neno kunusa, kunusa kuna nini cha kuchekesha, tangu siku ya zile pakiti amekuwa akiwaangalia watoto mifukoni badala ya usoni, hata kanisani Jumapili wakati wa sadaka alikuwa anaangalia mikono inatoka na nini.

Lakini hofu yenyewe haikuanza na pakiti, hilo Bwana Ndolo halijui, wala hatalijua kama Mungu ni mwema, ilianza na kitambaa, kitambaa cha mkononi cha Justus alichokikuta Jumamosi moja mfukoni mwa kaptula ya shule, tayari ameshaitumbukiza kaptula kwenye beseni, ameshatia sabuni, ndipo kidole kikagusa kitu, akavuta, akaona madoa, ya rangi ya kahawia, akadhani damu, akapeleka puani haraka na hakupata kitu isipokuwa sabuni, ujinga wake, angekagua kwanza, mama gani anafua bila kukagua mifuko, na damu haina rangi ile, damu ikikauka anaijua, amefua nguo za watu waliojifungua, hii ilikuwa nyepesi, ya vumbi vumbi, na usiku ule akakumbuka ile semina ya walimu kule Machakos mjini, picha ziliporushwa ukutani, yule bwana wa tai akasema heroini si lazima iwe nyeupe, mara nyingi huku kwetu ni unga wa kahawia na watu huuvuta kwa pua, na walimu wakaandika, naye akaandika, akapiga mstari chini, hakujua kwamba anajiandikia mwenyewe... pua, ndiyo, pua, Justus amekuwa mtu wa pua, anavuta kamasi asubuhi, anavuta jioni, ukimwuliza anasema ni vumbi, vumbi lipi, amezaliwa kwenye vumbi hili, na lile la likizo ya Aprili nalo, alipompeleka kwa dada yake Wanza akakae huko mjini wiki mbili, avae viatu kidogo, aone watu, siku ya pili Wanza akapiga simu, mtoto wako anaumwa kichwa, siku ya tatu mtoto wako amekuwa mkali, amemrushia binamu yake kijiko, halali, anazunguka nyumbani usiku, anaulizia kwetu, mjulishe baba yake, wakampima malaria, hakuna, wakampima taifodi, hakuna, akarudishwa kabla ya siku zake, na jioni ileile aliyorudi akawa mzima, anacheka, anakula kama kawaida, na mama yake badala ya kufurahi akakaa kwenye ngazi ya jikoni na kujiuliza, huku Katangi kuna nini ambacho Machakos mjini hakuna, kuna nani?

Kuna Abdisamad, jibu lilikuja lenyewe, wala hakulihangaikia, Abdisamad aliyeletwa Januari kukaa kwa ami yake Gedi, yule mnunuzi wa mbuzi, akakalishwa na Justus dawati moja kwa sababu ndilo lililokuwa na nafasi, na kufumba na kufumbua wakawa chanda na pete, wanakwenda bombani pamoja, wanarudi pamoja, wanapeana kitu chini ya dawati wakidhani mwalimu akigeukia ubao ana uso mmoja tu, akawashtukiza wiki iliyopita kwa kisingizio cha kukagua vitabu, akamwaga begi la kijana wa watu juu ya meza, ikatoka kofia ya madrasa, ikatoka njugu karanga za kukaanga ndani ya gazeti, ikatoka rula iliyovunjika, basi, na kijana akamtazama tu, hakulalamika, akaziokota njugu zake moja moja na kumkaribisha, mwalimu, kula, naye akakataa, na moyoni akasema huyu ni mjanja, mtu safi hangetulia hivyo, mtu safi angekasirika... na ami yake vilevile, alimwendea makusudi siku ya soko, pale anapofungia mbuzi, ajaribu kumpima, lakini Gedi akaanza salamu, habari ya nyumbani, habari ya mzee wako kule Kinanie, bado yuko kwa zile kazi za ujenzi, habari ya watoto, habari ya yule mama mzee, mvua mlipata, mbuzi yule mwekundu alizaa, na alipomaliza Ndunge akawa amesahau swali lake, akaondoka akinung'unika kwamba mtu anayeuliza mengi namna ile ana jambo anapitisha katikati, na mambo hayo hakumwambia mumewe Kaloki, kwa sababu Kaloki angeuliza ushahidi, Kaloki ni mtu wa ushahidi, akija mwisho wa mwezi hukagua hata kuku... "Mwalimu, ni marafiki wabaya," Wambua wa sweta amesema, nani amempa ruhusa, hata hakusikia akimtaja, akaandika "marafiki", akaisitisha kalamu... chaki, si kalamu, akaisitisha chaki kwenye neno "wabaya", akaliandika, na mkono wa Justus bado uko juu, sasa ameushika kiwiko kwa mkono mwingine usianguke, mtoto huyu anataka kusema nini, mtu mwenye kitu cha kuficha hujikunyata, hujifanya anaandika, huyu amejinyoosha, au ndiyo mbinu mpya, wanafundishana huko, ukitaka usishukiwe inua mkono, na pembeni yake Abdisamad hajainua, ameinamisha kichwa, anachora kitu pembeni ya daftari, basi huyo, huyo ndiye wa kuulizwa, mwenye kujificha ndiye wa kutolewa nje, na lililokuwa likimchemka tangu Aprili likamfikia kooni, akaita, kwa sauti ya upole kabisa, ile ambayo watoto wa darasa hili wanaiogopa kuliko fimbo, Abdisamad, simama, tuambie wewe.

Abdisamad akasimama, si kwa haraka, akafunga daftari kwanza, na watu wa nyuma wakaacha kunong'ona, maana watoto nao wana pua zao, wamejua hapa kuna jambo, naye akauangalia ubao, akayasoma yote aliyoyaandika mwalimu, bodaboda, marafiki wabaya, akayasoma kama mtu anayesoma bei, halafu akasema, "Mwalimu, mimi naona hao wa steji wanasingiziwa. Mtu hawezi chukua kitu kwa mtu hamjui. Mara ya kwanza ni mtu anakupenda ndiye anakupatia, na wewe unachukua juu hutaki kumkasirisha." Ndunge moyo ukamruka kwa furaha mbaya, furaha ya kuwinda na kupata, amejisema, amejisema mwenyewe mbele ya mashahidi, mtu anayekupenda, si ndiye yeye, si ndiye rafiki wa damu, huyo anayempa njugu ndiye anayempa na lingine, akamsogelea hatua moja, akamwuliza mtu kama nani, tutajie mfano, na Abdisamad akageuka kidogo, kidogo sana, akamtazama Justus, na Justus akamtazama yeye, na katika kutazamana kule hapakuwa na ujanja, Ndunge alikuwa tayari kuapa upo na haukuwepo, kulikuwa na kitu kama kuulizana ruhusa, halafu kijana akasema, "Hiyo siwezi sema, mwalimu. Si yangu," akaketi, akafungua daftari lake... si yangu, si yangu, ya nani basi, ya jirani yako wa dawati, ya mtoto wangu, ina maana anajua, amejua siku zote, amebeba siri ya mwanangu huku mimi namwaga begi lake mezani, na kama anayempa si yeye Abdisamad, mtu anayempenda, mtu anayempenda Justus ambaye Justus hataki kumkasirisha, ni nani huyo, akaanza kuwahesabu wanaompenda Justus na kuwashuku mmoja baada ya mwingine, hata Kaloki, ndiyo, hata Kaloki alimpitia akilini, lile begi lake jeusi analorudi nalo kutoka Kinanie ambalo hulifungua mwenyewe, Mungu anisamehe, mtu ambaye hata soda humpa kiungulia, na Kaloki haji ila mwisho wa mwezi, na pua ile ni ya kila siku, ni ya kila jioni, nani anakaa na Justus kila jioni, wakati yeye mwenyewe anasahihisha madaftari kwa taa ya jikoni na kumwambia, wewe toka hapa unanizibia mwanga, nenda kwa susu, bibi yako, nenda ukakae na yeye asiwe peke yake... akageukia ubao, si kuandika kitu, kugeuka tu, darasa lisimwone uso, na macho yakatua chini ya muguka, pale kwenye herufi ndogo, sigara, kuber, ugoro.

Ugoro, mbaki kwa Kikamba, ile ya mama mkwe, ile anayoinunua yeye Ndunge kwa mkono wake kila siku ya soko, amefungiwa kwenye karatasi ya nailoni, anampelekea mama kwa heshima yote ya mke wa mwana, mama anaipokea kwa mikono miwili na kumbariki, na siku hizi inakwisha haraka, aliona hilo, aliona mapema sana, na akamshuku nani, akamshuku yule mama muuzaji, alisimama pale sokoni akamwambia umeanza kunipunjia kipimo, mama yetu haimfikishi hata Alhamisi, na mwanamke wa watu akaapa kwa wanawe, na yeye akahamia kwa muuzaji mwingine, kwa hasira, akijiona mwerevu... inakwisha haraka kwa sababu wanavuta wawili, kama zamani, yeye mwenyewe aliwaona zamani, alipoolewa boma lile aliwakuta wazee wale kila jioni nje ya jiko, mama akijimiminia kiganjani, anamsogezea mzee kwanza, kisha anavuta yeye, wanapiga chafya na kubarikiana, na mzee alipokufa mama akaiacha, alisema peke yake haivutiki, akakonda, akaacha hata kuulizia mvua, mpaka Justus alipokuwa mkubwa kidogo wa kukaa na kusikiliza, na Justus ndiye mwenye jina la mzee, jina ambalo Ndunge halitamki, mke wa mwana halitamki jina la baba mkwe, hiyo ni nthoni, adabu aliyofunzwa na mama yake, ndiyo sababu nyumbani ni Justus na shuleni ni Justus, lakini kwa mama mkwe hajawahi kuwa Justus, ni mume wangu, mume wangu umechelewa, mume wangu viatu vya nani hivi umevaa, na wote wanacheka, jirani wanacheka, padre alipowatembelea alicheka, hakuna bibi wa Kikamba asiyemwita mume wake mjukuu aliyepewa jina la mzee, ni mzaha, ni mapenzi, akampa na kiti cha mzee, chenye miguu mitatu, akae, na mama akanenepa tena, akarudi kuuliza mvua, na Ndunge akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mwenye moyo wa kukaa na wazee... akampa na kiganja, sasa anaona, kama vile ameketi nao pale nje ya jiko, kiganja kile chenye mikunjo, unga wa kahawia katikati, mume wangu, anza wewe, kwa sababu huwezi kumkaribisha mume kwenye kiti chake ukamnyima kilicho chake, na mtoto anachukua, mara ya kwanza inamwasha mpaka machozi, mama anacheka kwa furaha aliyoikosa tangu mazishi, nani angekataa, nani angemnyima susu wake kicheko kile, hata mimi ningechukua. Na nilichowasomea sasa hivi, aliwasomea kwa sauti, kabla ya swali, kwamba tumbaku yoyote ile, ya kuvuta moshi, ya kutafuna, ya kunusa, ina nikotini ileile, kwamba mwili wa mtoto huizoea upesi kuliko wa mtu mzima, kwamba akiikosa kichwa huuma, huwa mkali, usingizi humkimbia, na kwa miaka mingi huleta kansa na maradhi ya moyo, ameisoma Aprili yote ya mwanawe kutoka kitabuni, neno kwa neno, kwa matamshi mazuri, na hakuisikia.

Bwana Ndolo alipita nje dirishani, akachungulia, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika kuona ubao umejaa, akaenda zake, na darasa linangoja, na Ndunge akageuka, akaona kitu ambacho alikuwa anakiona tangu mwanzo, kwamba mkono ule haukuinuliwa alipouliza swali lake, ulikuwa juu kabla, uliinuka alipoandika ugoro, mtoto hana jibu la kumpa, ana swali, na sasa hana haja ya kulisikia ili alijue, kwa sababu uso wa Justus hauna aibu hata chembe, una wasiwasi, mwalimu amesema kansa, mwalimu amesema moyo, na huko nyumbani kuna bibi kizee anayevuta tangu ujana wake, mtoto hajafika hata kujifikiria yeye mwenyewe, anataka tu kuuliza kama susu atakufa... na hapo akatamani, Mungu anisamehe, akatamani ingekuwa Abdisamad, akatamani ingekuwa steji, heroini, mwanamume mwenye begi, mtu wa kushikwa shati na kupelekwa kwa chifu, kwa sababu huyu atamshika wapi, mama usimpe mtoto ugoro, maneno yenyewe ni mepesi, angeyasema hata akiwa na sufuria kichwani, lakini mama ataangalia huku na huku na kuuliza mtoto yupi, hajawahi kumpa mtoto, katika kiti kile hakujawahi kuketi mtoto, na itabidi mtu amwambie, na mtu huyo ni yeye, hakuna mwingine, itabidi alitamke lile jina ambalo tangu aolewe halijapita mdomoni mwake, mama, Mwangangi alikufa, tulimzika, huyu ni Justus, na jioni hiyo ndiyo mama atakayofiwa, na hakutakuwa na majirani, hakutakuwa na padre, hakuna atakayekuja kukaa matanga. Kule nyuma mtu akaangusha kalamu, na Abdisamad akainama kuiokota. Mkono wa Justus ulikuwa umechoka, akaushusha, akainua ule mwingine.